John Strachey na matrekta ya kutu ya Kongwa

Septemba na Oktoba, mvua zikiwa bado mbali, ndiyo miezi ambayo trekta kuukuu hutafutiwa mnunuzi katika mkoa wa Dodoma. Mkulima wa Mlali au mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa aliyeweka akiba kidogo huitwa kuonyeshwa chombo kilicholala nyuma ya nyumba kwa miaka kadhaa. Magurudumu yamezama ardhini, kiti kimeliwa na kutu, kuku wametaga kwenye sanduku la vifaa. Mwenye mali anasema injini ni nzima, imekosa betri tu. Bei anayoitaja ni ndogo ukilinganisha na trekta jipya, na mnunuzi anaanza kupiga hesabu ya ekari atakazolima.

Hesabu kama hiyo iliwahi kupigwa karibu miaka 80 iliyopita kwa ajili ya ardhi hiyo hiyo ya Kongwa, isipokuwa aliyeibeba hakuwa mkulima mdogo. Alikuwa waziri katika serikali ya Uingereza, msomi wa Oxford na mwandishi wa vitabu vya uchumi vilivyosomwa sana kabla ya Vita Kuu ya Pili. Jina lake John Strachey. Mradi wa karanga alioupigania uliacha hasara ya zaidi ya pauni milioni 36 za wakati ule, na mashaka yake yalianza kuonekana kwenye mashine zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kuchoka.

Strachey alizaliwa Oktoba 21, 1901 huko Guildford, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwenye gazeti la The Spectator na mhariri wake, kwa hiyo kijana alikulia katika nyumba ya vitabu, wageni wakubwa na mijadala ya siasa. Alisoma Eton, shule ya watoto wa matajiri, kisha Chuo cha Magdalen, Oxford. Watu wa tabaka lake walitegemewa kuwa wahafidhina. Yeye alijiunga na chama cha wafanyakazi cha Labour, na mwaka 1929 akachaguliwa kuwa mbunge wa Aston, Birmingham.

Siasa zake za ujanani hazikutulia mahali pamoja. Mwaka 1931 alimfuata Oswald Mosley katika chama kipya, akamwacha mwaka huo huo alipoona mwelekeo wake, akapoteza kiti cha ubunge na kugeukia nadharia za Karl Marx. Kitabu chake cha mwaka 1932 kilichotabiri kuanguka kwa ubepari kilimfanya ajulikane Ulaya na Marekani. Mwaka 1936, akiwa na mchapishaji Victor Gollancz na Profesa Harold Laski, alianzisha klabu ya vitabu vya mrengo wa kushoto iliyopata wanachama maelfu kwa maelfu. Mwaka 1938 Wamarekani walimzuia Ellis Island kwa sababu ya siasa zake. Vita vilipopamba moto aliachana na wakomunisti, akaingia Jeshi la Anga, na sauti yake ikazoeleka redioni akieleza mapambano ya ndege.

Uchaguzi wa 1945 ulimrudisha bungeni akiwa mbunge wa Dundee. Mei 1946 Waziri Mkuu Clement Attlee alimpa Wizara ya Chakula. Katika kazi zote alizokuwa amefanya hadi hapo, hakuna hata moja iliyohusu shamba wala karakana.

Wizara aliyoipokea ilikuwa kaa la moto. Vita vilikuwa vimekwisha lakini njaa ya Ulaya haikwisha navyo. Julai 1946 Strachey alilazimika kutangaza mgao wa mkate, jambo ambalo halikufanyika hata wakati mabomu yakianguka London. Mgao huo ulidumu hadi 1948. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia kwa pamoja havikufika gramu 250 kwa mtu kwa wiki. India, iliyokuwa ikiuza karanga na mafuta yake nje, sasa ilihitaji mafuta hayo kwa watu wake. Akina mama walimlaumu waziri kila wiki, na wachora katuni walipata riziki kwa jina lake.

Katika hali hiyo ndipo wazo la karanga lilipomkuta. Wazo lenyewe halikuwa lake. Mapema mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alilipeleka Wizara ya Chakula kabla Strachey hajakabidhiwa ofisi. Samuel alikuwa amepita Tanganyika na kuona mapori makubwa yasiyo na watu. Aliamini kwamba mashine zikifyeka pori hilo, Uingereza ingepata mafuta yake bila kumpigia magoti mtu. Wizara ilituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa takriban wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa angani ndani ya ndege.

Ripoti yao ilikuwa na tarakimu za kulevya. Ekari 3,210,000 zingefyekwa Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Zingegawanywa katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, na mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Gharama zilikadiriwa kuwa pauni milioni 24. Kwa mwaka wa kwanza tu, 1947, ekari 150,000 zilitakiwa kuwa tayari Kongwa. Novemba 1946 Strachey aliliambia Bunge kwamba serikali inaendelea na mradi.

Haki yake apewe. Waziri mwenye watu wanaopanga foleni ya mkate hana nafasi ya kungoja utafiti wa miaka mitano. Wakefield alikuwa mtaalamu mwenye jina, na United Africa Company ilikuwa kampuni yenye uzoefu mkubwa wa biashara ya Afrika Magharibi. Lakini mpango wote ulikuwa umesimama juu ya mguu mmoja, yaani matrekta, na mwishoni mwa 1946 matrekta hayakuwapo.

Viwanda vya Marekani na Uingereza vilikuwa na oda za kujaza miaka. Kila nchi iliyobomolewa na vita ilitaka mashine za kujengea barabara na kulimia. United Africa Company, iliyopewa kazi ya kuanzisha mradi kwa niaba ya serikali, ilituma wanunuzi kutafuta chochote chenye minyororo na injini. Baadhi ya mashine zilipatikana Kanada. Nyingi zilitoka kwenye mabohari ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, ambako mabuldoza yaliyojenga viwanja vya ndege wakati wa vita yalikuwa yameachwa baada ya Japani kusalimu amri Agosti 1945.

Mashine iliyokaa Ufilipino inahitaji kuelezwa kidogo kwa msomaji wa Dodoma, kwa sababu kutu ya kule si kutu ya huku. Katika nyanda za kati hewa ni kavu karibu miezi minane ya mwaka. Trekta likikaa nje Kongwa hubabuka rangi na kupata kutu nyekundu ya juu, lakini chuma cha ndani hudumu. Mahali penye mvua nyingi na upepo wa bahari, chumvi huingia kwenye beringi, ndani ya dinamo na kwenye pini za minyororo. Mashine inaweza kuonekana nafuu kwa nje na ndani ikawa imeoza. Isitoshe, mabuldoza yale yalikuwa yametumika vitani, ambako dereva alitakiwa kumaliza uwanja wa ndege kabla adui hajarudi. Hakuna aliyeweka kumbukumbu za kubadilisha oili.

Kutambua mashine ya namna hiyo huanzia kwenye namba. Buldoza la Caterpillar la wakati ule lilikuwa na kibati chenye namba iliyotanguliwa na alama ya toleo. D7 za miaka ya vita, kwa mfano, zilianza na 7M au 3T. Namba humwambia mnunuzi toleo la mashine na kumsaidia kujua kipuri kipi kitaingia. Anayenunua shehena ya mashine zenye matoleo na viwanda tofauti hununua pia bohari la vipuri visivyoingiliana. Hilo ndilo lililotokea Kongwa: aina zilichanganyika, na kipuri kilichofika kwa meli baada ya miezi kingeweza kuwa cha mashine nyingine kabisa.

Mkulima wa leo anakutana na jambo hilo kwa kiwango chake. Matrekta kuukuu yanayozoeleka vijijini ni kama Massey Ferguson 135 na 165, yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, na Ford 5000 ya enzi hiyo hiyo. 135 ya dizeli ina injini ya Perkins ya silinda tatu na 165 ina silinda nne. Kuhesabu mabomba ya nozeli huchukua nusu dakika na kunaweza kufichua trekta lililobadilishwa injini. Hakuna ubaya injini kubadilishwa, ila bei inabadilika, na kadi ya usajili ikisema kitu kimoja huku chuma kikisema kingine, mnunuzi atakuja kuhangaika siku ya kuhamisha umiliki. Namba ya chasisi isomwe kwenye chuma chenyewe, kwa macho ya mnunuzi, si kwenye karatasi aliyopewa.

Halafu kutu ikwanguliwe. Kisu kikikwangua na chini yake chuma kikang'aa, hiyo ni kutu ya juu na isimtishe mtu. Kisu kikizama, au chuma kikatoka vipande kama maganda ya muhogo, sehemu hiyo imekwisha. Rangi mpya iangaliwe kwa mashaka kuliko kutu, hasa pale panapoungana injini na gia boksi, maana nyufa zilizochomelewa hupenda kujificha hapo. Kijiti cha oili kichomolewe. Oili nyeusi ni ya kawaida. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na sababu inaweza kuwa gasketi ya bei ndogo au bloku iliyopasuka ambayo haina dawa.

Trekta liwashwe likiwa baridi. Mwuzaji aliyeliwasha kabla mgeni hajafika ana sababu yake, na mkono ukiwekwa kwenye injini utaijua. Moshi wa bluu usiokoma unaeleza habari za ringi na pistoni. Kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa injini ikiunguruma na moshi ukatoka kwa nguvu kama wa treni, silinda zimechoka. Mikono ya haidroliki inyanyue jembe la sahani, injini izimwe, watu wanywe soda; jembe likishuka lote kabla chupa haijaisha, haidroliki inavuja ndani. Fundi anayekwenda kukagua alipwe na mnunuzi na asiwe jamaa wa mwuzaji. Fedha ya fundi inauma, lakini ni ndogo kuliko zote zitakazofuata.

Bei nayo ina njia yake. Haianzii kwenye alichotaja mwuzaji, inaanzia kwenye trekta la aina hiyo hiyo lililo kazini. Chukua namba za mfano tu. Trekta zima la aina hiyo linauzwa shilingi milioni 18. Lile lililo chini ya mti linahitaji ringi, pistoni, pampu ya dizeli na tairi mbili za nyuma, jumla milioni 7. Kulibeba hadi karakana ni 800,000. Zinabaki milioni 10.2, na wanunuzi wengi huishia hapo. Lakini matengenezo yakichukua wiki tatu za msimu wa kulima, na kila siku ingeingiza faida ya 120,000 baada ya dizeli na dereva, zimepotea milioni 2.5 nyingine. Ikiwekwa akiba ya milioni 1.5 kwa ubovu usioonekana, thamani ya trekta lile ni kama milioni 6.2. Anayelichukua kwa milioni 9 kwa kuwa ni nusu ya bei ya zima amekwisha kupoteza kabla hajalima hata hatua moja.

Katika mradi wa Strachey, kipengele cha siku zilizopotea ndicho kilichoumiza kuliko bei ya chuma. Lengo la ekari 150,000 lilipangwa kwa hesabu kwamba mashine zitafanya kazi tangu mwanzo wa kiangazi. Matrekta ya kwanza yalifika mwezi wa Aprili 1947. Bandari ya Dar es Salaam wakati huo haikuwa hata na gati la kina kirefu. Mizigo ilishushwa kwenye matishari na kuletwa pwani kidogo kidogo. Mto Kinyasungwe ulifurika na kubomoa reli ya kati, mto ambao hadi leo unawasumbua wahandisi kati ya Kilosa na Gulwe. Mashine zilizopaswa kuwa porini zikakaa bandarini au njiani. Kongwa yenyewe haikuwa na karakana ya kutosha kupokea mashine mbovu, wala madereva wa kutosha wenye uzoefu. Vijana wengi walijifunzia kuendesha kwenye mabuldoza hayo hayo.

Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha 1947 karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoagizwa yalikuwa hayafanyi kazi. Mwaka ulipoisha, ekari zilizopandwa karanga zilikuwa 7,500 tu. Hiyo ni ekari 1 kwa kila ekari 20 zilizoahidiwa.

Wakati huo wizara ilikuwa na tumaini jingine, mashine iliyoitwa Shervick. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs kilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani na kuvigeuza matrekta. Wazo lilipendeza kwa mwanasiasa: silaha za vita zinageuzwa jembe. Kwa fundi lilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Kifaru kimeundwa kukimbia, kupigana na kupumzika. Trekta la kufyeka pori hukaza msuli kutwa nzima kwa mwendo wa kobe, siku baada ya siku. Shervick ziliharibika mno Kongwa na hazikuuokoa mradi. Chombo kinaweza kuwa na nguvu nyingi na bado kisiwe cha kazi inayokusudiwa. Wapo wafugaji waliokwisha kununua lori la jeshi kwa ajili ya kubeba maziwa wanaolijua hilo.

Pori la Kongwa nalo halikuwa laini. Vichaka vyake vimeshikana, na mizizi hubaki chini hata mti ukiangushwa. Mibuyu mikubwa ilivunja visu vya mabuldoza, na baadhi ilikuwa na mizinga ya nyuki walioshambulia madereva. Mafundi walibuni njia ya kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya mabuldoza mawili na kuuburuta, na njia hiyo ilisaidia. Lakini baada ya miti kulala ilikuja kazi ya udongo. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali unaosaga sahani za jembe kama tupa, na una mfinyanzi ambao mvua zikikatika hukauka kama saruji. Karanga hukomaa chini ya ardhi. Ardhi ikishikana, mashine ya kung'olea inaambulia majani na karanga zinabaki.

Kuna wenyeji ambao wangeweza kusema haya bila kulipwa nauli ya ndege. Wagogo walikuwa wameishi na udongo huo na mvua zake kwa vizazi. Walilima mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, na hawakutegemea zao moja. Njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi sana Ugogo kati ya 1917 na 1920, ilikuwa bado kwenye kumbukumbu za wazee Wakefield na wenzake walipopita juu kwa ndege. Pori lisilo na watu lilikuwa na sababu ya kutokuwa na watu: maji hayapo na mvua haina ahadi. Ukame wa 1949 uliangamiza karanga na alizeti zilizopandwa. Mavuno ya miaka ya mwanzo hayakufikia hata uzito wa mbegu zilizonunuliwa.

Ajabu ni kwamba Strachey, aliyejua kuchambua uchumi wa dunia kwa kalamu, hakutaka kusoma dalili hizo. Mwaka 1948 mradi ulihamishiwa kwenye shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, na kama mwenyekiti alimteua Leslie Plummer, mtu wa biashara ya magazeti. Nusu ya makosa ya 1947 ingeweza kurekebishwa wakati huo kwa kupunguza eneo na kufanya majaribio. Badala yake mradi ulipelekwa pia Urambo na Nachingwea, bandari ikajengwa Mtwara na reli kutoka huko kwenda bara. Kila upinzani ulipomhoji bungeni aliutetea mradi kwa ufasaha wa mtu aliyezoea majukwaa. Mtu aliyekwisha kutoa fedha nyingi kwenye trekta bovu naye hufanya hivyo hivyo, huongeza pampu, kisha gia boksi, kwa kuwa kukubali hasara ya kwanza kunauma.

Mwaka 1949 hesabu za shirika zilipotolewa, wakaguzi walieleza kwamba hawawezi kuthibitisha kuwa vitabu viliwekwa ipasavyo. Mashine, vipuri na vifaa vilikuwa vimetapakaa bila kumbukumbu za kuaminika za nini kipo, kiko wapi na kina thamani gani. Kwa mchumi, hilo ni baya kuliko ukame, kwa sababu ukame hauzuiliki. Strachey aliwaondoa kwenye bodi Wakefield na John Rosa, wawili kati ya wale watatu walioandika ripoti ya mwanzo. Plummer alibaki hadi 1950.

Uchaguzi wa Februari 1950 uliirudisha Labour kwa wingi mdogo sana wa viti, na neno karanga lilikuwa limegeuka kichekesho katika siasa za Uingereza. Attlee alimhamishia Strachey Wizara ya Vita. Januari 1951 mrithi wake wa chakula, Maurice Webb, alitangaza kusitishwa kwa mpango mkubwa, na zile pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Strachey hakufukuzwa wala kushtakiwa. Alipoteza uwaziri pamoja na wenzake wote Labour iliposhindwa Oktoba mwaka huo, na hakupata uwaziri tena.

Miaka yake 12 ya mwisho alirudi kwenye kile alichokiweza. Aliandika kuhusu ubepari wa baada ya vita, na mwaka 1959 akatoa kitabu kikubwa kuhusu mwisho wa dola za kikoloni. Alikufa London Julai 15, 1963 akiwa na umri wa miaka 61, bado mbunge wa Dundee. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi saba, na reli ya Mtwara iliyojengwa kubeba karanga ilikuwa imekosa mzigo.

Kongwa ilipata matumizi mengine. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa kwa gharama zile iligeuzwa malisho, na ranchi ya Kongwa ikawa ya ng'ombe. Karanga bado zinalimwa wilayani humo na mkoani kote, na wakulima wadogo, wengi wao kwa jembe la mkono, katika vipande vya ekari 2 au 3. Wengi hupanda mbegu za muda mfupi kama Pendo, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele mwaka 1998, ili mvua zikikatika mapema isiwe hasara yote. Mzigo hushushwa pembeni ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, ambako wenye malori huupima, huukagua kwa kubangua karanga chache mkononi, ndipo wanataja bei.